Karakara kwenye Ukuta wa Jogoo Road

Anayepanda matatu ya 58 kutoka mjini kuelekea Buruburu, akabahatika kupata kiti cha dirishani, hukutana na kuta nyingi kuliko udongo. Kuna kuta za mawe ya kijivu za mitaa ya zamani ya baraza la jiji, kuta za shule na makanisa, kuta za ploti mpya zilizopigwa plasta upande mmoja na kuachwa uchi upande wa pili, na nyingine zimeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba atakayekojoa hapa atatozwa faini. Nimeichagua Jogoo Road, kisha nikaiunganisha na Outer Ring hadi Kariobangi na Dandora, kwa sababu ya swali moja la bustani: nyumba ya Eastlands, yenye ukuta mrefu na kiganja cha ardhi, ipandiwe mmea gani wa kutambaa utakaozaa matunda? Wapenda bustani wa mjini siku hizi hujibu haraka. Husema kiwi. Wakiambiwa kiwi ya kawaida ina matatizo, husema basi iwe ile ndogo, kiwi sugu, isiyo na manyoya. Hoja yangu ni kwamba jibu hilo limekosea mara mbili: kwanza juu ya hali ya hewa, na pili juu ya jambo zito zaidi, yaani ukuta ni wa nani na anayelala nyuma yake ataishi hapo kwa muda gani. Mmea unaokubaliana na yote mawili umekuwa ukiuzwa kwa mafungu kando ya steji muda wote huo.

Kiswahili kilikuwa na kiwi kabla tunda hilo halijatufikia: mtu akilitazama jua ghafla, macho yake huingia kiwi. Nashuku kuna kiwi cha namna hiyo katika mapenzi yetu kwa mimea ya mbali. Hata hivyo mmea wenyewe unastahili heshima. Kiwi sugu, Actinidia arguta kwa jina la wataalamu, asili yake ni misitu ya Japani, Korea, kaskazini mwa China na mashariki ya mbali ya Urusi. Tunda lake linakaribia zabibu kubwa, ngozi ni laini, na huliwa zima bila kumenywa. Mti ukiwa umelala wakati wa majira ya baridi huweza kustahimili hata nyuzi 30 chini ya sifuri, na ndiyo maana Ivan Michurin, mzalishaji mimea wa Urusi, aliishughulikia jamii hii mwanzoni mwa karne ya 20, akitaka nchi yake ipate tunda la kutambaa pale ambapo mzabibu hufa. Ndugu yake mwenye manyoya alipita njia nyingine: mbegu zilitoka China na mwalimu Isabel Fraser zikafika New Zealand mwaka 1904, na mwaka 1959 wafanyabiashara wa huko wakalipa tunda jina la ndege wao ili lipate soko Marekani. Yote haya yametokea katika nchi zenye majira manne.

Hapo ndipo kikwazo cha kwanza kilipo. Mmea wa aina hii hupukutisha majani, hulala, na katika usingizi wake huhesabu baridi. Machipukizi hayaamki sawasawa mpaka yapitie mamia ya saa zilizo chini ya nyuzi 7 hivi. Hesabu hiyo ndiyo inayouambia mti kwamba baridi imepita na ni salama kutoa maua. Nairobi iko digrii moja na kitu kusini ya ikweta, na upande huu wa mashariki uko kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi. Julai yetu, tunayoivalia makoti mawili na kuilaumu kwa kila kikohozi, hutupa usiku wa nyuzi 11 au 12. Usiku unaoshuka chini ya 7 ni wa kusimuliwa. Isitoshe, mchana wetu una saa 12 Januari kama ulivyo nazo Julai, kwa hiyo mmea unaosoma majira kwa urefu wa siku hapa haupati cha kusoma. Kiwi sugu ikipandwa Donholm itakua, tena itatanda. Itakachokosa ni usingizi, na mti usiolala haukumbuki kuzaa.

Mtu makini atanikatiza hapa, na ana haki. Atasema hayo hayo yalisemwa kuhusu tufaha, na leo tufaha linazaa Kenya. Ni kweli. Lakini tutazame lilivyowezekana. Aina kama Anna, iliyozalishwa Israeli, ilikusudiwa nchi za joto na inahitaji baridi kidogo mno. Hata hivyo wakulima wa huku hulazimika kuyang'oa majani kwa mkono ili kuudanganya mti kwamba majira yamegeuka. Kiwi sugu imechaguliwa kwa vizazi kuelekea upande wa pili, ivumilie baridi kali zaidi, na sifa hiyo iliyoipa jina ndiyo isiyo na kazi hapa. Mfano wenye nguvu zaidi dhidi yangu uko Dodoma. Huko mzabibu, mtoto wa nchi za majira, huzaa mara mbili kwa mwaka kwa sababu mkulima huupogoa na ukame huulaza. Mfano huo naukubali wote, ila nautumia kwa faida yangu: mzabibu hauna ukali wa kiwi katika kudai baridi, na Dodoma ina kiangazi kirefu kinachofanya kazi ya majira ya baridi. Eastlands haina baridi hiyo wala kiangazi hicho. Ina mvua za masika, ina vuli, na katikati ina mawingu ya Julai yanayolea ukungu kwenye majani ya mzabibu.

Hali ya hewa peke yake ingetosha kumaliza mjadala, lakini ingekuwa hasara kuumalizia hapo, kwa sababu barabara yenyewe inasema jambo jingine. Nyuma ya City Stadium kuna Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa fikra iliyotoka Uingereza ya mji wenye bustani: nyumba fupi za mawe, paa za vigae, viwanja vya wazi katikati, na ukumbi ambao kabla ya uhuru ulipata jina la bunge kwa sababu ya siasa zilizochemka ndani yake. Ukitaka kuona mahali pa Eastlands ambapo mti wa matunda umepewa nafasi ya kuzeeka, ni hapa. Kuna miembe na miparachichi yenye umri wa mababu. Kwa nini hapa na si kwingine? Jibu rahisi ni nafasi. Lakini mitaa mingine ya Eastlands pia ina viwanja vya wazi, na havikupandwa hivyo. Naona sababu iko katika wazo lililoijenga mitaa hii kwa jumla. Serikali ya kikoloni kwa muda mrefu ilimwona Mwafrika wa Nairobi kama mgeni wa kazi: alipewa chumba, mara nyingi kitanda tu chumbani na wenzake, na alitarajiwa kurudi kwao kazi ikiisha. Kaloleni ilikuwa mojawapo ya mitaa ya kwanza kumjengea akiwa na mke na watoto. Pale alipojengewa kama mwenye familia alipanda mwembe. Pale alipowekwa kama mpita njia, alipanda sukuma wiki.

Ukoloni uliondoka, upangaji ukabaki. Mipango ya kubomoa mitaa ya zamani na kusimamisha maghorofa imekuwa ikirudi mezani mwaka hadi mwaka, na Pangani, ng'ambo ya pili, imekwisha kujengwa upya. Huko mbele Umoja na Kayole mpangaji hana hata mtaa wa baraza la jiji wa kuuzoea: ana chumba kimoja au viwili ndani ya ploti ya mtu, kodi ya mwezi kwa mwezi, na landilodi anayeweza kuongeza ghorofa nyingine juu ya kichwa chake bila kumuuliza. Sasa mpe mtu huyu kiwi sugu. Mmea huo mara nyingi huchukua miaka mitatu, minne, hata mitano kabla ya tunda la kwanza. Una dume na jike, miti miwili tofauti, na dume halizai kitu. Yaani mwenye mita nne za ukuta anatakiwa kumpa mita mbili mmea usiozaa ili mwenzake azae. Ipo aina moja ya Kijapani inayojitosheleza, Issai, ila nayo inadai baridi yake. Ukishakomaa huzaa makumi ya kilo na kuishi miongo, na uzito wake huangusha nguzo dhaifu. Kila sifa katika hizo ni sifa ya mmea wa mwenye hati ya shamba. Ni urithi, na urithi hauwezi kupandwa kwenye mkataba wa mwezi mmoja.

Karakara ni mmea wa mpangaji. Nasema hivyo bila dharau. Tunda hili sokoni huitwa pasheni, na wengi wenye asili ya pande za Mlima Kenya huliita tu matunda, kana kwamba mengine yote ni ya kujaribu. Nalo ni mgeni, limetoka Amerika ya Kusini, pande za Brazili na Paragwai, lakini ni mgeni asiyejua majira ya baridi na asiyeyadai. Aina ya zambarau hupenda nyanda za kati na za juu, mita 1,200 hadi 1,800 na zaidi kidogo, na Eastlands yote imo ndani ya mizani hiyo. Aina ya njano hupenda joto la nyanda za chini, na kwa hiyo ni ya Pwani kuliko ya Nairobi. Mche wa zambarau uliobebeshwa vizuri huanza kutoa tunda kati ya mwezi wa nane na wa kumi na mbili tangu kupandwa. Kisha unazaa miaka mitatu hivi, pengine minne, na kuchoka. Wakulima wa mashamba makubwa hulalamikia ufupi huo wa maisha. Kwenye ploti ya kupanga, ufupi huo ndio unaoufanya ufae: unazaa kabla mpangaji hajahama, na unakufa kabla mwenye ukuta hajaamua kuubomoa.

Kuna hofu kwamba mmea wa kutambaa hula ukuta, na landilodi wengi watakaokataa watakataa kwa sababu hiyo. Hofu hiyo imetoka kwa mimea mingine, ile inayoshika plasta kwa mizizi midogo na kuingia nyufani. Karakara haina mizizi ya namna hiyo. Hushika kwa vikono vyembamba vinavyojisokota kama springi, na kikono kinahitaji kitu cha kuzungushia: waya, kamba, chuma cha dirisha. Ukuta mtupu hakiushiki kabisa. Kwa hiyo anayepanda hupigilia misumari mirefu au kusimamisha nguzo mbili za mita mbili, akavuta waya mmoja au miwili kati yake, umbali wa kiganja kutoka kwenye plasta ili hewa ipite. Shina moja hupandishwa hadi kwenye waya, likifika hukatwa ncha ligawanyike kulia na kushoto, na matawi ya kuzaa huachwa yaning'inie kama pazia. Siku ya kuhama, waya hukunjwa na misumari hung'olewa. Kinachobaki ukutani ni matundu ya misumari, ambayo hayazidi ya dishi la televisheni.

Upande gani wa ukuta? Hapa ushauri wa vitabu vya nje hutupotosha kabisa. Mkulima wa bustani wa Uingereza huambiwa apande mimea ya kutambaa kwenye ukuta unaotazama kusini, maana jua lake la adhuhuri hukaa upande huo mwaka mzima. Jua la Nairobi hupita upande wa kaskazini tangu katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha huhamia kusini kwa miezi iliyobaki. Ukuta unaotazama kusini utakaa kivulini nusu ya mwaka, tena ile nusu yenye baridi na mawingu. Unaotazama mashariki au magharibi hupata jua la nusu siku, Januari hadi Desemba, na kati ya hizo mbili naipendelea mashariki kwa aina ya zambarau, kwa sababu ua lake hufunguka alfajiri na kujifunga kufikia adhuhuri. Aina ya njano hufanya kinyume, hufunguka mchana na kufunga jioni. Jua la asubuhi huamsha ua la zambarau pamoja na nyuki, hasa wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa, ambao mtu huwafukuza kwa ufagio bila kujua kwamba ndio mafundi wa tunda lake. Mungu amewapa mgongo wa kimo kinachofaa kabisa kupangusa chavua ya ua hili. Ua la zambarau huweza kujichavusha lenyewe. La njano linahitaji chavua ya mmea mwingine.

Buruburu ndipo ukuta wa namna hii ulipo kwa wingi. Ilijengwa kwa awamu tano miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, kwa wenye mishahara walionunua kwa mkopo, na kila nyumba ilipewa kiuwanja cha nyuma na cha mbele. Viuwanja vingi vimekwisha kuwa vyumba vya kupangisha, saluni, au maegesho. Sitawalaumu wenye nyumba. Kodi ya chumba inashinda tunda lolote. Lakini ujenzi huo umeongeza kuta kadiri ulivyopunguza ardhi, na shina la karakara halitaki ardhi zaidi ya shimo moja la sentimita 60 kila upande. Hesabu hiyo ndiyo kiini cha hoja yangu yote: mmea wa kutambaa hulipia ardhi ya mraba mdogo na kuvuna mwanga wa ukuta mzima. Huko magharibi mwa Kenya watu wamelijua hilo siku nyingi kwa nderema, mboga inayopanda ua wa nyumba, na Mkikuyu aliujua ua wake kwa maharage ya njahi.

Kuvuka Donholm, chini ya lami pana udongo mwingine. Upande wa magharibi wa jiji una udongo mwekundu unaopitisha maji. Huku mashariki kuna ule mweusi wa kunata, unaovimba ukinyeshewa na kupasuka nyufa za kumeza kiatu ukikauka. Karakara hufa kwenye udongo unaotuamisha maji. Hili ni pingamizi la kweli, na wanaosema Umoja na Embakasi hazifai wana ushahidi wa miche iliyonyauka. Jibu ni kupanda juu, siyo chini: tuta lililoinuliwa sentimita 30 au zaidi, au pipa la plastiki lililotobolewa chini, lijazwe udongo mwekundu ulionunuliwa kwa gunia pamoja na samadi iliyooza. Mathare na Kibera zimewahi kutufundisha kilimo cha gunia kwa ajili ya mboga. Pipa ni gunia lenye subira zaidi. Na pale ambapo Umoja, iliyoanza kama nyumba za chini zilizojengwa kwa msaada wa Marekani, imegeuka mabonde ya ghorofa sita na saba ambamo jua huonekana saa sita mchana likipita, pipa lina faida nyingine: hupandishwa paani. Huko juu kuna jua la kutosha, kuna tanki, na kuna nguzo za kamba za kuanikia nguo. Ugomvi wa karakara na shuka za jirani ni ugomvi ambao mpanzi atashindwa, kwa hiyo aweke waya wake pembeni mapema.

Maji yanahitaji jibu refu kuliko udongo. Mabomba ya Nairobi hutoa maji kwa mgawo, Bwawa la Ndakaini likijaa au lisijae, na mvua hupungua kadiri unavyotoka Dagoretti kwenda uwanja wa ndege. Mtu anayenunua mtungi wa lita 20 kwa pesa taslimu hawezi kuambiwa amwage chini kwa ajili ya tunda. Mpinzani wangu akiishia hapo, namuunga mkono. Lakini kila ploti hutoa maji yaliyokwisha kutumika: ya kusuuzia nguo, ya kuoshea mboga, ya mchele. Maji ya kusuuza, yale ya mwisho yenye sabuni kidogo, yakimwagwa kwenye udongo na si kwenye majani, yakibadilishana na ya mvua, mmea huyapokea. Maji ya kwanza ya sabuni nzito au yenye jiki yaende mtaroni. Shina lifunikwe kwa majani makavu au kadibodi ili jua lisinywe sehemu yake. Anayekausha mche wake Januari na kuufurikisha Aprili atapata maua yanayodondoka, kisha atalaumu mbegu.

Pingamizi kubwa kuliko zote, na linalotolewa na watu wanaolijua zao hili kwa jasho, ni maradhi. Mnyauko fuzari hukaa udongoni na kuua mmea uliobeba matunda ndani ya wiki chache. Virusi vinavyosambazwa na vidukari hulifanya tunda kuwa gumu na ganda nene, ndani juisi kijiko kimoja. Maradhi haya yameangamiza mashamba mengi nchini, na sehemu ya pasheni inayofika Nairobi huvuka mpaka kutoka Uganda. Kwa nini basi nimshauri mtu wa Kayole apande kilichomshinda mkulima wa Meru? Kwa sababu udhaifu wa shamba na udhaifu wa ukuta si mmoja. Fuzari hujibiwa kwa kubebesha: shina la zambarau juu ya mzizi wa njano, ambao huustahimili ugonjwa huo, na watafiti wa kilimo wa Kenya, waliotoa pia aina za njano kama KPF 4, wamehimiza njia hiyo kwa miaka. Kirusi husafiri kutoka mmea hadi mmea. Shamba la miche mia tano ni karamu kwa kidukari, wakati mche mmoja Kayole uko mbali na mwenzake kwa mitaa kadhaa ya saruji. Hiyo si kinga kamili. Kidukari ana mabawa, na majirani wakiiga wote kinga inapungua. Lakini anayepoteza mche mmoja amepoteza bei ya mche mmoja. Aung'oe, autie kwenye gunia la taka pamoja na mizizi, abadilishe udongo wa pipa, aanze tena na mche safi wa kitalu. Asichukue kipandikizi kwa jirani mwenye mmea mgonjwa, hata akipewa kwa upendo.

Outer Ring ikikaribia Kariobangi, hoja yangu inabadilika rangi. Huku, na mbele Maili Saba, watu wamelima kwa miaka mingi kwa maji taka na maji ya mto, wakipanda sukuma wiki na nduma kwa sababu ni maji ya bure yasiyokatika. Dandora, iliyoanzishwa mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ploti zipatazo 6,000 ambazo mwenyewe alijenga kidogo kidogo, ilikuja kuishi bega kwa bega na jalala la jiji zima. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Gigiri katika jiji hili hili, lilitoa ripoti ya vipimo vya watoto 328 wa eneo hilo: karibu nusu walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa, na udongo ulikuwa na metali hizo pia. Kando ya barabara kuu kuna mabaki mengine, maana petroli yenye risasi ilikomeshwa hapa mwaka 2006 tu, baada ya miongo ya moshi. Mtu akisema Eastlands isilimwe chochote cha kuliwa, ana sababu.

Hata hivyo ushahidi wenyewe haulingani kwa mimea yote. Risasi hukaa zaidi kwenye mizizi, na kwenye mboga za majani huja pamoja na vumbi linaloganda juu ya jani. Tunda ndilo hupata kidogo kuliko vyote. Sasa fikiria tunda linaloning'inia mita moja na nusu juu ya ardhi, lenye ganda nene ambalo halili mtu, na juisi iliyofungwa ndani kama barua. Linaoshwa, linakatwa, linakamuliwa, ganda linatupwa. Likitoka kwenye pipa la udongo ulioletwa, likimwagiliwa maji yasiyo ya mto, limepunguziwa njia nyingi za sumu. Kwa Dandora na Korogocho, tofauti ya sukuma na karakara ni ya kiafya kabla ya kuwa ya ladha. Na hapo kiwi sugu, tunda la kuliwa na ngozi yake, inashindwa tena, kwa sifa ile ile inayopendewa huko kwao.

Kuna wanaoogopa askari wa jiji. Zamani hofu hiyo ilikuwa halali: mahindi yalifyekwa kwa madai kwamba yanafuga mbu na kuficha wezi. Sheria ya kaunti ya mwaka 2015 ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini ilikigeuza kilimo kuwa haki yenye masharti, na mmea ulio ndani ya ploti yako una kinga zaidi kuliko ule wa kando ya reli. Hofu ya mbu na maficho inabaki, na jibu lake ni kupogoa. Pazia la karakara lililoachwa miaka miwili bila mkasi huwa kichaka kweli, giza ndani, matunda nje tu. Matawi yaliyokwisha kuzaa hukatwa, kwa sababu ua hutoka kwenye chipukizi jipya, hivyo anayepunguza giza huongeza tunda.

Atakayeniuliza ploti itapata faida gani, simwahidi biashara. Mche mmoja au miwili hautalipa kodi ya nyumba. Utatoa matunda ya juisi kwa vipindi, mengi baada ya mvua na machache Julai, na wengine wa ploti watadai yao, kwa kuomba au kwa kuokota. Kuokota ndiko kwenye haki zaidi, maana karakara iliyoiva hudondoka yenyewe, na iliyokunjamana kidogo ni tamu kuliko inayong'aa. Watoto wa Umoja hulijua hilo kabla ya kujua kusoma. Mche wa kubebesha, waya wa mita sita, misumari sita ya inchi nne, pipa lililotobolewa na magunia mawili ya udongo mwekundu: vitu hivyo hubebwa kwa mkokoteni mmoja kutoka Outer Ring hadi mlangoni, na siku ya kuhama, pipa likiwa bado halijapitwa na mizizi, hupakiwa tena pamoja na godoro.